Majenereta mawili kwenye basba moja: shajara ya kiwanda cha barafu, Sahare, Tanga

Lengo ni jenereta ya kVA 200 na ya kVA 100 zilishe basba moja (upau wa pamoja wa kukusanya na kugawa umeme) ya volti 400, hezi 50, zigawane mzigo kwa uwiano wa ukubwa wake, na ya pili iweze kuingia au kutoka bila taa kucheza. Hatua za kawaida (kulaza kebo, kukaza boliti, kupaka rangi) zimerukwa. Kilichoandikwa kwa urefu ni kile kilichokataa.

8 Januari 2024: Kilichopo

Jenereta A ni kVA 200, yaani kW 160 kwa pawafakta 0.8 (sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi), ampea 289 kwa kila fezi. Ina gavana (kidhibiti cha spidi ya injini) ya umeme. Jenereta B ni kVA 100, kW 80, ampea 144, na gavana yake ni ya kimakanika, imo ndani ya pampu ya dizeli. Spidi yake inarekebishwa kwa skrubu kwenye mkono wa pampu na si kwingine. Injini zote mbili ni za mizunguko 1500 kwa dakika.

Mzigo: kompresa ya barafu kW 55, kompresa mbili za kugandishia za kW 37, halafu pampu, feni, vikorogeo vya maji ya chumvi na taa. Siku za bamvua, mwamba unapokauka na pweza wakaletwa kwa wingi, vyote vinawaka pamoja na jumla hupita kW 170. Siku za maji mafu, usiku mzigo ni kW 40 hivi. Kwa hiyo A peke yake huzidiwa wakati wa bamvua, na wakati wa maji mafu hufanya kazi kwa robo ya uwezo wake. Dizeli ikizunguka kwa robo mfululizo haichomi mafuta yote: maungio ya ekzosi ya A yalikuwa yanatoa ute mweusi unaonata, na ukutani chini yake pameshaota michirizi.

Swichi ya kubadilisha kati ya TANESCO na majenereta ni ya mkono, yenye nafasi tatu, na haikuguswa. Basba hii haiingii sambamba na TANESCO kwa namna yoyote. Hiyo ni kazi nyingine kabisa na ina vibali vyake.

Vilivyonunuliwa mwanzo: sinkroskopu, yaani saa ambayo mshale wake ukisimama juu wima mawimbi ya pande mbili yanakwenda pamoja, na mita pacha za volti na hezi (sh. 680,000), relei ya kukagua usawa kabla breka haijafungwa (420,000), relei mbili za rivasi, za kutoa jenereta inayosukumwa kama mota (620,000), mita mbili za kW zinazoonyesha pia pawafakta na alama ya kutoa (380,000), kasha, basba na kebo (1,850,000). Mita za kW ndizo za kwanza kununuliwa pesa zikiwa chache. Anayetaka kugawa mzigo kwa kutazama ampea peke yake atapotea, na sababu iko kwenye ingizo la 2 Februari.

15 Januari: Mzunguko wa fezi, na kile ambacho sinkroskopu haisemi

Kipimo cha mzunguko wa fezi (fezi ipi hutangulia ipi) kilionyesha A inalingana na TANESCO, B iko kinyume. Hakuna aliyejua hilo kwa sababu B ililisha taa na friji tu kwa miaka. Dawa ni kubadilishana kebo mbili, ila mahali pa kubadilishia pana maana: fanya nje ya sanduku la alterneta, kati ya alterneta na breka yake. Nyaya za ndani zinazokwenda kwenye AVR (kidhibiti cha volti) ziache zilivyo, la sivyo hesabu ya CT (transfoma ndogo ya kupima mkondo) itakayofuata baadaye itavurugika.

Baada ya hapo sinkroskopu ilizunguka vizuri, mshale ukasimama juu wima, volti sawa, hezi sawa. Kila kitu kilisema funga. Taa zilisema hapana: mshale ukiwa juu, taa zilikuwa zinawaka karibu kwa nguvu zake zote.

Taa hizo zilifungwa kati ya upande mmoja na mwingine wa kila nguzo ya breka iliyo wazi. Kila nguzo ina balbu mbili za volti 230 zilizofungwa kwa mfuatano, si moja, kwa sababu majenereta yakiwa yamepishana nyuzi 180 kati ya pande mbili za nguzo kuna volti 460. Mita ya kushika mkononi nayo iwe ya daraja la volti 1000.

Mita ilisoma volti 400 hivi kwenye kila nguzo mshale ukiwa juu. Namba hiyo inataja kosa lenyewe: fezi mbili za volti 230 zilizopishana nyuzi 120 huacha volti 398 kati yake. Waya wa kuhisi (unaoiletea sinkroskopu volti) wa upande wa basba ulichukuliwa fezi ya njano, wa upande wa jenereta ukachukuliwa nyekundu. Sinkroskopu haina hatia, inalinganisha inacholetewa. Breka ingefungwa hapo, majenereta yangevutwa kwa nguvu kwenda kwenye usawa ndani ya sehemu ya sekunde, na vinavyolipa ni kaplingi, diodi za rota na boliti za miguu.

Kipimo cha kuthibitisha, na kisirukwe hata na mwenye haraka: ondoa kebo za A kwenye alterneta yake, zifunike ncha, washa B, funga breka ya B na ya A. Sasa pande zote mbili za breka ya A zinalishwa na B peke yake. Sinkroskopu lazima isimame juu wima na itulie hapo. Ikisimama pengine popote, kuna waya wa kuhisi umekosewa. Ilisimama. Kisha kebo zikarudishwa, na breka ikiwa wazi tukahakikisha nguzo zote tatu zinashuka karibu na sifuri kwa wakati mmoja na taa zote tatu zinazimika pamoja. Zikiwaka na kuzimika kwa zamu, mzunguko wa fezi bado uko kinyume.

19 Januari: Breka mvivu

Breka mbili za mwanzo zilifungwa mota za kawaida za gia, sh. 900,000 kwa jozi, za mtumba. Mota hiyo huchukua karibu sekunde nzima tangu amri hadi nguzo kugusana. Hezi zikipishana kwa 0.2, mshale unazunguka duara zima kwa sekunde 5, maana yake sekunde moja ni nyuzi 72. Unabonyeza mshale ukiwa juu, breka inafunga mshale ukiwa umeshapita robo ya duara kasoro kidogo. Jaribio la kwanza lilipiga kishindo na A ikajitoa.

Zimewekwa breka zenye mota ya springi: springi inajazwa mapema, amri ikija inafyatuka ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ya ampea 400 kwa A sh. 2,900,000, ya ampea 160 kwa B sh. 1,450,000. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote humu na haina njia ya mkato. Breka ya mkono pia haifai. Hakuna mkono unaofunga kwa kasi ileile kila mara.

Mipaka iliyowekwa kwenye relei ya kukagua: tofauti ya volti isizidi asilimia 5, pembe isizidi nyuzi 10, mpishano usizidi hezi 0.2. Inayoingia iwe na kasi kidogo kuliko basba, mshale uzunguke taratibu kwenda kulia, ili ikifungwa ianze kwa kubeba mzigo kidogo badala ya kubebwa.

Kwa kuwa skrubu ya B iko kwenye injini na mtu hawezi kuwa kwenye paneli na kwenye pampu kwa mara moja, kidude cha kurekebisha spidi kimewekwa kwa A tu, cha mizunguko kumi, kwa waya wenye ngao iliyofungwa ethi upande mmoja. Hata A ikiwa ndiyo iliyo kwenye basba na B ndiyo inayoingia, kinachozungushwa ni kidude cha A: basba inaletwa kwa B.

24 Januari: Gavana

A ilitoka kiwandani ikiwa isokronasi, yaani inashika hezi 50 mzigo uwe sifuri au umejaa. Kwa jenereta iliyo peke yake hakuna bora ya hiyo. Mbili za isokronasi bila kifaa cha kugawa mzigo ni manahodha wawili na usukani mmoja, chombo huenda mrama. Zikiwa kwenye basba moja hezi zao ni ileile kwa lazima, lakini gavana hazijawekwa sawasawa kabisa, inayotaka 50.02 itaendelea kuongeza dizeli, inayotaka 50.00 itaendelea kupunguza, hadi moja ijae na nyingine isukumwe kama mota.

B haina tatizo hilo kwa maumbile. Gavana ya kimakanika ina drupu: spidi hushuka kadiri mzigo unavyopanda. Ndipo ikajaribiwa njia iliyoonekana rahisi, A ibaki isokronasi na B ibaki na drupu yake. Mchana ilikwenda vizuri. B iliwekwa kubeba kW 50 na ikabeba kW 50 bila kutikisika, mabadiliko yote yakachukuliwa na A. Usiku kompresa zilipozimika jumla ikashuka kufika kW 42, na B haikujua. Ikaendelea kutoa 50. Mita ya A ikaonyesha hasi 8. A ilikuwa inazungushwa na B, inakunywa umeme na kutoa joto. Mpango wa isokronasi na drupu unafaa pale tu mzigo wa jumla usiposhuka kamwe chini ya kile alichowekewa mwenye drupu. Hapa unashuka kila usiku.

Basi zote mbili drupu. B ilipimwa peke yake: bila mzigo hezi 52.5, na kompresa zikiijaza karibu kW 80 hezi 50.0. Hiyo ni asilimia 5. A ikawekwa asilimia 4, kwa kuwa ndiyo namba inayotajwa kila mahali, 52.0 bila mzigo na 50.0 ikijaa. Zikijaa zote zinakutana. Chini ya hapo haziendani, na hesabu inaonyesha kwa nini. Kwa kila hezi inayoshuka, A huongeza kW 80 na B huongeza kW 32. Mzigo wa jumla ukiwa kW 40, hezi hutulia 51.79, A hubeba 17 na B hubeba 23: jenereta kubwa iko asilimia 11, ndogo iko 29. Jumla ikishuka chini ya kW 16, A inaanza kusukumwa. Mita zilisoma hivyohivyo, tofauti ya kilowati moja moja.

Drupu ya A ikapandishwa ifanane na ya B, asilimia 5. Drupu na spidi kwenye gavana ya umeme huvutana: ukizungusha moja nyingine inahama, kwa hiyo unakwenda na kurudi kati ya hizo mbili. Mzigo wa kW 160 haukuwepo siku hiyo, ulikuwepo 120, na kwa asilimia 5 mzigo huo unatakiwa kushusha hezi 1.9 kutoka ya bila mzigo. Pima hivyo, usisubiri mzigo kamili.

Mwisho, hezi 52.5 bila mzigo ni nyingi mno kwa feni na pampu, kwani nguvu wanayovuta hupanda haraka kuliko spidi. Zote mbili zimeteremshwa zianze 51.5. Zikijaa zitafika 49.0, na hilo halina madhara kwa sababu AVR huanza kupunguza volti hezi zikiwa chini zaidi ya hapo. B peke yake usiku kwa kW 40 inakaa 50.25. Saa za ukutani zinazotegemea hezi za umeme zitakosea. Hakuna anayezitegemea huku.

2 Februari: kW ziko sawa, ampea hazieleweki

Majenereta yote mawili kwenye basba, hakuna mzigo wowote, mita za kW zinasoma sifuri, na kila moja inaonyesha ampea 48. Ampea hizo haziendi popote. Zinatoka kwenye alterneta yenye volti nyingi, zinaingia kwenye yenye volti chache, zinachemsha shaba na kurudi. Pawafakta ya moja imechelewa, ya nyingine imetangulia.

Kanuni yenyewe ni fupi. kW hugawanywa na dizeli, yaani gavana. kVAr, ile nguvu inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi, hugawanywa na volti, yaani AVR. Zikiwa kW hazina uwiano, gusa gavana. Zikiwa kW zina uwiano na ampea hazina, gusa AVR. Kosa la zamu za usiku kila mahali ni kuzungusha kidude cha volti ili “kupunguzia” jenereta mzigo: ampea zinashuka kidogo, kW zinabaki palepale, na baada ya saa moja nyingine inachemka. Kidude cha volti sasa kiko chini ya kifuniko chenye skrubu.

Sababu ya kwanza: kila jenereta ilirekebishwa volti 400 kwa mita ya paneli yake, na mita hizo mbili zinapishana volti 4. Tumia mita moja kwa zote. Hiyo peke yake ilishusha ampea 48 hadi 20.

Sababu ya pili: hakuna drupu ya volti. A ilikuwa na CT ya drupu lakini imeungwa kifupi (ncha zake mbili pamoja) tangu kiwandani, kama ilivyo kawaida kwa jenereta inayouzwa ya kusimama peke yake. AVR ya B haikuwa hata na vituo vya kuunga CT. Iliondolewa, ikawekwa SX440, ambayo ina vituo S1 na S2 (sh. 280,000), na CT mbili zinazolingana na alterneta (130,000). CT hukaa kwenye fezi ambayo AVR haiipimi. Ikiwekwa kwenye fezi inayopimwa itaitikia kW zaidi kuliko kVAr, na utahangaika.

Kisha B ikawa mbaya kuliko mwanzo. Kompresa moja iliwashwa, ampea za B zikapanda 60, 80, 110, pawafakta ikashuka chini ya 0.5, volti ya basba ikapanda, ikabidi breka ifunguliwe. CT ilikuwa kinyume, S1 mahali pa S2. Badala ya kushusha volti mzigo wa kVAr unapoongezeka, ilikuwa inaipandisha, na jenereta yenye volti zaidi hupewa kVAr zaidi, ambazo nazo zinaipandisha tena.

Kipimo cha kujua mwelekeo wa CT kabla ya kuingia sambamba: washa jenereta peke yake, ibebeshe mota, siyo hita. Zungusha kidude cha drupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Volti ikishuka, CT iko sawa. Ikipanda, badilisha S1 na S2. Kwa hita volti haitasogea vya kutosha kukuambia lolote, na hapo ndipo wengi huandika “CT sawa” kwenye daftari. Kabla ya kufungua waya wowote wa CT zima injini, au unga S1 na S2 pamoja kwanza: CT iliyo wazi huku mkondo ukipita huzalisha volti za kuua.

Drupu imewekwa ishushe asilimia 3 mzigo ukijaa kwa pawafakta 0.8, yaani 400 kwenda 388, kwa zote mbili. Sasa ampea za kuzunguka bila mzigo ni 6. Zimeachwa.

Vituo vya CT vya A vilikuwa na kutu ya kijani. Upepo wa bahari hapa hauchagui. Kila kituo cha AVR na CT kimesafishwa na kupakwa grisi ya umeme.

9 Februari: Nyutro yenye moto bila mzigo

Baada ya yote hayo, kebo ya nyutro kati ya majenereta ilikuwa na ampea 31 mzigo ukiwa sifuri na fezi zikiwa sawa. Klampu mita yenye kupima hezi ilisoma 150. Hiyo ni hamoniki ya tatu, wimbi la mara tatu ya hezi 50: alterneta mbili zilizosukwa kwa upana tofauti wa koili hazitoi wimbi la umbo moja, na tofauti hiyo hukutana kwenye nyutro, kwa sababu hamoniki ya tatu ya fezi tatu haifutani, inajumlishana. Hakuna kidude cha kuirekebisha. AVR haina la kufanya.

Dawa ni kuacha nyutro ya jenereta moja tu zinapokuwa pamoja. Nyutro ya B imeungwa moja kwa moja. Ya A imepitishwa kwenye kontakta, yaani swichi ya sumaku (sh. 340,000), inayofunguka pale tu breka zote mbili zimefungwa, kontakti saidizi (swichi ndogo zinazofuata breka) za breka hizo zimefungwa kwa mfuatano. B ikitoka kwa sababu yoyote, nyutro ya A inarudi papo hapo. Kontakta isiporudi ndani ya sekunde 1, breka ya A inaachia. Hilo si pambo: A ikilisha taa na friji za volti 230 bila nyutro, fezi yenye mzigo mdogo itapanda kuelekea 400 na kila kilichochomekwa kitaungua.

17 Februari: Mzigo unayumba

kW zilikuwa zinapokezana kati ya A na B, 10 huku, 10 kule, taa zikipumua. Ukiwa na majenereta mawili kwenye basba huwezi kujua nani anaanza kwa kutazama mita, maana kila moja inamjibu mwenzake. Tenganisha. Kila moja peke yake, mzigo usiobadilika, dakika kumi na tano, tazama hezi. A ilitulia. B ilipanda na kushuka.

Mtego ni kukimbilia kidude cha uthabiti cha gavana ya A na kuipunguzia wepesi hadi iache kujibu. Kuyumba kunapungua, ugonjwa unabaki.

Kwa B tulianza na filta. Kilichotoka kwenye bakuli la filta kilimiminwa kwenye chupa ya soda na kuachwa: juu dizeli, chini maji kiasi cha vidole viwili, na katikati uzi mweusi wa uchafu. Tangi la B linakaa nusu tupu wiki nzima na unyevu wa hewa ya pwani unageuka maji ndani yake kila alfajiri. Filta mpya, kichuja maji, na hewa ikatolewa kwenye njia ya dizeli kwa pampu ya mkono hadi mapovu yakaisha. Nusu ya kuyumba ikaondoka. Nusu iliyobaki ilikuwa kwenye gololi ya fimbo inayounga mkono wa pampu: imelika, ina mchezo wa kama milimita 2. Gololi ikabadilishwa. Vyote pamoja sh. 265,000, na hakuna hata senti iliyokwenda kwenye paneli. Baada ya gololi, drupu ya B ilipimwa upya, haikuhama.

Tangi sasa linajazwa jioni, na maji yanatolewa kwa koki ya chini kabla ya kuwasha.

26 Februari: Bamvua, mzigo wote

Jumla kW 176. A 116, B 60. Kwa uwiano kamili zingekuwa 117 na 59. Ampea za A 202 kwa pawafakta 0.83, za B 108 kwa 0.80. Hezi 49.7. Kompresa ya kW 55 ikianza kwa sta-delta (kwa volti pungufu kwanza) hezi huzama kidogo na kurudi, na zote mbili huchangia. Kompresa ndogo zimewekewa taima zisianze pamoja.

Relei za rivasi ziko asilimia 10, yaani kW 16 kwa A na kW 8 kwa B, na kuchelewa sekunde 5 ili mtikisiko wa kuingia usiziangushe. Hakikisha mwelekeo wa CT zake kwa kila jenereta peke yake: ikibeba mzigo peke yake na mita ikasoma hasi, CT ina uso kinyume, na relei itaangusha jenereta isiyo na kosa.

Joto la B halikupendeza: nyuzi 98 kwenye maji. Rejeta yake inatazama kaskazini mashariki, na kaskazi ya Februari inarudisha hewa moto ndani ya chumba. Ukuta wa mabati wa kukinga upepo, mita moja na nusu mbele ya tundu la rejeta, umeshusha hadi 91. Mabati yalikuwepo.

14 Machi: A ikianguka

Jaribio lililoachwa mwisho kwa makusudi: mzigo kW 170, breka ya A inafunguliwa ghafla. B ya kW 80 ikapewa yote, ikatoa moshi mweusi, hezi zikapita chini ya 45, breka yake nayo ikaachia, kiwanda kizima giza. Majenereta mawili bila kuangusha mzigo hayana uhakika kuliko moja. Yana sehemu mbili za kuharibika badala ya moja.

Kontakti saidizi ya breka ya A sasa inapita kwenye koili za kompresa zote tatu kupitia relei moja. Breka ya A ikifunguka na B iko kwenye basba, kompresa zinaachia kabla gavana ya B haijamaliza kufungua, na hubaki kW 45 hivi. Ni relei, taima na waya wa paneli, sh. 85,000. Jaribio lilirudiwa kwa mzigo uleule: hezi zilishuka hadi 48.6, zikarudi 50, taa hazikuzimika. Kompresa hurudishwa kwa mkono, moja moja, na mtu aliyesoma mita ya B kwanza.

Kutoa jenereta kwa hiari: punguza spidi ya A kwa kidude chake hadi isome kW 5, ndipo fungua breka, iache izunguke bila mzigo dakika tano ipoe. Usifungue ikiwa na mzigo na usiisubiri ifike sifuri.

Ujira wa ufundi sh. 1,600,000. Jumla yote, pamoja na zile mota za gia zilizoko stoo, sh. 11,900,000. Kilichobaki ni kidude cha spidi cha umeme kwa B, ili zamu ya usiku isilazimike kwenda kwenye injini, kitaandikwa kikifungwa.